Shati Namba Arobaini na Saba

Kwa miaka kumi na mmoja mwanamke huyu amesimama mahali pamoja, kati ya meza ya pasi na ukuta wenye ukungu, katika duka la dobi lililo nyuma ya soko. Hupiga pasi mashati themanini kwa siku, na siku mbaya hufika mia. Wenzake humwita Mama Pasi. Jina alilopewa na baba yake hata tajiri wake hulitafuta kwenye daftari kabla ya kumwandikia mshahara. Mkono wake wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto, na miguu yake huvimba kuanzia saa tisa alasiri. Katika miaka yote hiyo hajaunguza shati la mteja hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watakaofika mwisho wa habari hii na kumlaumu kwamba hakuunguza.

Pale dukani kila mteja wa kudumu ana namba, na namba hiyo hushonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola, nyuma ya shingo. Mpiga pasi hawaoni wateja. Wanaopokea nguo wako mbele, yeye yuko nyuma ya pazia. Kwa hiyo Mama Pasi amejua watu wa mji ule kwa namba. Kumi na Mbili hutoka jasho kwapa moja tu. Thelathini ameanza kunenepa na hataki kukubali. Sitini na Tisa ama amefiwa ama ameachwa, maana tangu mwaka jana mashati yake huja yamepungukiwa vifungo na hapana anayevirudisha.

Arobaini na Saba alianza kuja miezi kumi kabla ya kesi ninayoieleza. Kila Jumatatu mashati sita meupe, mapya, na karatasi yenye maagizo: wanga mwingi kwenye kola, mikono bila mstari. Watu wengi hawajui maana ya mikono bila mstari. Shati la kawaida unalaza mkono mezani, unapita na pasi, unaacha mkunjo mmoja kutoka begani hadi kwenye kifundo. Ukitaka usiwe na mkunjo, lazima uvishe mkono ule kwenye kibao chembamba na kuuzungusha kidogo kidogo. Kazi yake ni mara mbili, na malipo ya mpiga pasi hayaongezeki.

"Huyu Arobaini na Saba anajipenda," Mama Pasi alikuwa akisema.

"Labda ni mkurugenzi," alisema msichana wa mapokezi. "Nguo zake huletwa na bibi mmoja mwenye pochi nene. Analipa taslimu, haombi kupunguziwa."

"Basi mwambie bibi huyo mimi sina mume."

"We dada! Huyo akikuoa, utampigia pasi bure."

Walicheka. Nawaomba wasomaji wakikumbuke kicheko hicho.

Mume alikuwa naye zamani. Alikuwa mtunza stoo ya vipuri katika kampuni ya malori, mtu wa maneno matamu na viatu vinavyong'aa, na kwa ajili ya unadhifu wake watu walimpa jina la Bwana Kola. Alihama nyumbani wakati mtoto wao wa pekee, binti, akiwa na miaka mitatu. Mtoto huyo alizaliwa na mguu wa kushoto uliopinda ndani. Alifungwa plasta, ikafunguliwa, akafungwa tena, na madaktari walipomaliza wakasema mguu utanyooka ikiwa atavaa kiatu cha chuma hadi mifupa ikomae. Kiatu hicho hutengenezwa hospitalini kwa kipimo cha mguu. Mguu wa mtoto hukua, kiatu hakikui. Kila baada ya miezi minane au tisa kinatakiwa kipya, na bei yake ni mshahara wa Mama Pasi wa miezi miwili. Kikichelewa, mguu hurudi ulikotoka.

Shuleni wenzake walimpa jina la Kwata, kwa mlio wa kile chuma sakafuni. Alipoingia darasani walipiga meza kwa mpigo: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alikuwa na miaka tisa.

Mahakama iliamuru baba atoe theluthi ya mshahara wake kwa matunzo, ikatwe hukohuko kazini. Ilikatwa miezi minne. Mwezi wa tano Bwana Kola aliandika barua ya mistari miwili kwamba anaacha kazi kwa hiari yake, akaikabidhi, akawaaga wenzake. Mmoja wao alimuuliza atakula nini. Akajibu, "Heri nikose mimi na yeye akose."

Ninataka tuelewane hapa. Kuna mtu asiye na kazi kwa sababu kazi imemkimbia. Kiwanda kimefungwa, au mgongo umevunjika, au anaamka kila alfajiri kuomba kibarua na anarudi mikono mitupu. Huyo hata mimi nitampa kiti nyumbani kwangu. Lakini yuko anayeikimbia kazi, na kumwita huyu mtu asiye na ajira ni kuwatukana wale wa kwanza. Bwana Kola alihamia kwa mama yake mzazi, mjane mwenye vyumba sita vya kupangisha, akalala kwenye chumba alicholala alipokuwa mwanafunzi. Dalali wa mahakama alipokwenda kushika mali yake alikuta kitanda, kioo na brashi ya viatu. Pikipiki iliyokuwa uani ilikuwa na kadi yenye jina la mama. Redio ilikuwa ya mama. Hata brashi, yule bibi alisema, ni yangu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mama Pasi akajinyima. Kwenye kopo tupu la wanga, juu ya kabati, aliweka akiba kwa miezi saba, na siku alipomrudisha mahakamani mara ya tatu lilikuwa limekaribia kujaa. Miadi ya hospitali ilikuwa Alhamisi. Kiatu cha zamani kilikuwa kimeanza kumchubua mtoto kisigino.

Kesi ilikuwa Jumanne. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Bwana Kola alipanda kizimbani, mikono nyuma, kichwa chini.

"Kazi yako?"

"Sina, mheshimiwa."

"Unaishi kwa nini?"

"Kwa rehema, mheshimiwa."

Watu waliokaa nyuma wakacheka. Hakimu akagonga meza kwa kalamu.

"Miaka miwili hujapata hata kibarua cha kubeba matofali?"

"Nimetafuta, mheshimiwa. Mwili wangu haukuzoea jua. Hata sabuni naomba. Shati hili unaloliona nimelifua mwenyewe jana, kwa maji matupu, nikalilalia chini ya godoro linyooke."

Hapo Mama Pasi akainua macho. Alikuwa hajamtazama tangu aingie, kwa aibu ile ambayo wenye haki huwa nayo na wenye makosa hawana. Akatazama mkono wa shati. Haukuwa na mstari. Akatazama kola iliyosimama kama kadibodi, akauona wanga wake mwenyewe, jinsi anavyoupaka kutoka pembeni kwenda katikati. Akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, naomba kola yake ifunuliwe."

"Mama, kaa chini," askari akamwambia.

"Ndani kuna uzi mwekundu. Arobaini na saba. Shati hilo nimelipiga mimi Ijumaa. Nimepiga sita. Napiga sita kila wiki, mwezi wa kumi huu."

Hakimu alimtazama, kisha akamtazama askari, akatikisa kichwa kukubali. Askari akashika kola kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mwanafunzi, akaifunua.

"Nne, saba, mheshimiwa. Uzi mwekundu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hakimu hakucheka, wala Mama Pasi. Yeye alikuwa akihesabu. Mashati sita kwa wiki, kila moja mikono miwili, kila mkono kwenye kibao. Miezi kumi alikuwa amemvisha.

"Anayelipa ni mama yangu," alisema Bwana Kola. "Si mimi."

Kutoka benchi la mbele yule bibi akainuka, pochi kwapani. "Ndiyo, ni mimi! Ni mwanangu, nimemzaa kwa uchungu. Kuna sheria inayomkataza mama kumfulishia nguo mwanawe?"

"Hakuna," alisema hakimu. "Na mjukuu wako?"

"Mjukuu ana mama yake. Kila mtu alee aliyemzaa."

"Hilo ndilo tunalomwambia mwanao kwa miaka miwili. Kaa chini, mama."

Akaandika amri. Bwana Kola ashikiliwe gerezani kama mfungwa wa madai siku thelathini, au hadi alipe deni, lolote litakalotangulia. Wanawake waliokuwa wakisubiri kesi zao walimpongeza Mama Pasi kwenye korido, mmoja akambusu mkono. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na nadhani hiyo ndiyo nusu saa pekee aliyofaidi katika habari hii.

Karani wa masijala, kijana mpole aliyevaa sweta, alimwita dirishani.

"Mama, hongera. Sasa lipia chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha mfungwa. Huyu si mwizi wa kuku kwamba serikali imlishe. Mfungwa wa madai hulishwa na anayemdai. Unaweka posho ya siku kumi kwanza, halafu kumi, halafu kumi. Usipoweka, haingii. Ikikatika, anatoka."

"Mimi nimlishe yeye?"

"Ndivyo sheria ilivyo, mama. Sikuiandika mimi."

"Anadaiwa chakula cha mtoto, halafu mimi nimpe chakula yeye?"

Karani alichomoa kalamu sikioni akaiweka mezani. "Nikuambie kitu, kama dada yangu. Wengi hulipa kabla ya siku ya tatu. Si wao, ni mama zao. Umemwona yule bibi? Yule atavumilia mwanawe alale sakafuni? Kesho kutwa tu atakuja hapa na pochi yake analia. Utapata deni lote na posho yako juu."

Alimwonyesha kiasi. Kilikuwa karibu sawa na kilichokuwamo ndani ya kopo.

Hapa ndipo alipokosea, na nitasema hivyo ingawa namheshimu kuliko wanawake wengi ninaowajua. Kama karani angemwambia maneno yale mwezi mmoja nyuma, angegeuka, akaenda hospitalini Alhamisi na kopo lake. Lakini alikuwa ameuona ule uzi. Hakutaka kiatu peke yake tena. Alitaka kumwona Bwana Kola ndani ya shati lililokunjamana, lenye jasho, ambalo hapana wa kumpigia pasi. Hasira ya mwenye haki inafanana sana na haki yenyewe, na tofauti yake huonekana baadaye, mtu akishalipa. Alikwenda nyumbani akateremsha kopo. Saa nane alikuwa amerudi dirishani. Akapewa risiti yenye maneno "posho ya mfungwa", na jina lake kama mlipaji.

Alhamisi hakwenda hospitalini.

Siku ya tatu yule bibi hakuonekana mahakamani. Alionekana gerezani, kila siku saa kumi alasiri, na vyombo viwili vya chakula vilivyofungwa kwa kitambaa. Mwanawe akala chakula cha mama yake na akala kile kilicholipiwa na Mama Pasi, na kilichobaki akawagawia wenzake, ambao walimfulia shati. Mfungwa wa madai halimi wala habebi mawe. Alicheza drafti kivulini. Askari mmoja wa gereza alimwambia Mama Pasi alipokwenda kuuliza, "Shemeji, huyu bwana ameanza kuota mashavu."

Siku ya nne yule bibi alikwenda kusimama kwenye lango la shule. Kwata alitoka wa mwisho kama kawaida yake. Bibi hakuwa amemwona kwa zaidi ya mwaka. Alimshika kidevu.

"Mjukuu wangu, unanijua?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua baba yako yuko wapi?"

"Hapana."

"Yuko jela. Analala na chawa. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya mguu wako huo. Mama yako amemfunga kwa ajili ya kiatu."

Mtoto alitazama chini, akauficha mguu nyuma ya mwingine.

"Ungekuwa mtoto mwenye huruma," alisema bibi, "ungemwambia mama yako hauumi."

Akampa peremende mbili, akaondoka kuwahi saa ya kuona wafungwa. Mwanamke huyu huhudhuria ibada kila wiki na hutoa sadaka. Wapo wanaomtaja kama mfano wa mama anayempenda mwanawe. Mimi nasema mapenzi ya namna hii ni wizi, maana kila anachompa yule mmoja amekiondoa mahali pengine, na safari hii alikiondoa kwenye mguu wa mtoto.

Jioni ile Mama Pasi alimkuta binti yake amesimama mlangoni, peku, kiatu cha chuma kimewekwa pembeni vizuri kama kitu cha mgeni.

"Mama, nimepona. Tazama."

Akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani, akarudi. Hakuchechemea. Alikuwa ameukanyaga mguu wote chini, uso umekauka, midomo imebanwa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Sakafu ilikuwa ya saruji, imepigwa deki asubuhi. Kila mara kisigino cha kushoto kilipoinuka kiliacha doa jekundu.

"Hauumi kabisa. Mtoe baba."

Mama Pasi aliosha kidonda, akakata ngozi ya ncha ya kile kiatu kwa kisu ili vidole vitokeze, akamvisha. Hakuuliza nani amemwambia. Alijua.

Siku ya kumi alisimama tena dirishani. Karani alikuwa hamtazami vizuri.

"Kuna kumi nyingine, mama?"

"Hakuna."

"Hata tano?"

"Kijana, hakuna."

"Basi anatoka saa sita." Akapiga muhuri. "Deni linabaki palepale. Unaweza kuomba tena wakati wowote."

Bwana Kola hakwenda nyumbani moja kwa moja. Saa saba na nusu alikuwa mbele ya kaunta ya dobi, mkononi ana mfuko wa plastiki. Msichana wa mapokezi hakumjua. Akaomba kuonana na mpiga pasi. Pazia likafunuliwa.

"Nimekuja kushukuru," alisema kwa sauti ya kusikika na wateja. "Wanaume wenzangu wanaachwa na wake zao, wanakufa njaa. Mimi nimeachana na mke, na bado ananilisha. Siku kumi! Ila chumvi ilikuwa kidogo."

Mteja mmoja alicheka kabla hajaelewa.

"Umenenepa," alisema Mama Pasi. "Kola zitakubana."

"Mama atanunua kubwa."

"Mtoto wako anatoka damu kisigino."

"Mpake dawa. Wewe si ndiye unayefanya kazi?" Akaweka mfuko juu ya kaunta. Ndani kulikuwa na shati moja, jeupe zamani, limekunjamana, linanuka gereza. Hilo ndilo alilolitamani Mama Pasi kuliona, nalo limefika mezani kwake. "Arobaini na Saba. Kama kawaida. Mikono bila mstari."

Alipotoka, tajiri alikuja nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia yote. Si mtu mbaya. Alijikuna shingo akasema, "Dada, mimi naelewa. Lakini bibi yule analipa taslimu. Mteja ni mteja." Kisha, kwa sababu alikuwa na woga, akaongeza, "Na unajua kanuni. Likiungua, ni juu yako."

Wiki iliyofuata alimpeleka mtoto hospitalini bila senti. Fundi wa viatu, mzee mwenye ngozi na misumari kwenye aproni, alimketisha Kwata kwenye meza, akauzungusha mguu mara mbili, akaondoa mikono.

"Miadi yako ilikuwa lini, mama?"

"Alhamisi ile."

"Ungekuja Alhamisi ile ningempima kiatu. Mguu umeanza kurudi ndani, na kidonda hiki hakivalishwi chuma. Sasa mwone daktari. Atakuambia plasta upya, miezi mitatu. Plasta ikikataa, kisu." Aliitazama ile ncha ya kiatu iliyokatwa, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. "Nani kakata hivi?"

"Mimi."

"Umekata vizuri," alisema, na hakuwa anamsifu.

Plasta ilifungwa kwa mkopo wa tajiri, unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mtoto sasa hawezi kukaa peke yake nyumbani, basi baada ya shule jirani humleta dukani kwa toroli la mkaa, naye hukaa chini ya meza ya pasi, mguu mweupe mbele yake, akichambua nguo kwa namba. Anazijua haraka kuliko msichana wa mapokezi. Jumatatu moja alitoa shati kwenye rundo, akaifunua kola.

"Mama, hili si la baba?"

"Ndilo."

"Lipige vizuri basi, asikasirike."

Nimewasikia watu wakisema wao wangeliunguza. Ni rahisi kuunguza shati ukiwa huna mguu wa mtu unaoulipia. Shati likiungua, bei yake hukatwa kwa mpiga pasi, na kilichobaki kwenye mshahara wake ndiyo plasta. Kwa hiyo, hata pale alipokuwa peke yake na ile pasi ya moto, Bwana Kola alikuwa analindwa na mguu wa binti yake mwenyewe, alioukataa.

Mama Pasi alilinyunyizia maji. Akapaka wanga, kutoka pembeni kwenda katikati. Akaingiza kibao ndani ya mkono wa kulia, akauzungusha kidogo kidogo, kisha wa kushoto. Alipomaliza akalining'iniza mwanzo wa mstari wa nguo safi, akanyoosha mkono chini ya meza.

"Nipe la pili," alimwambia mtoto. "Yapo sita."